Ng'ombe Wote ni wa Wangechi

Wiki jana uliniacha Majengo, nimeketi kitandani na simu sikioni, nikimwambia Kioko uongo. Kama hukuwepo nitakueleza kwa ufupi, na tafadhali usinihurumie.

Naitwa Gacheri. Nilifanya kazi sayba, duka la intaneti, hapa Nyeri miaka mitano, nikiwajazia watu fomu za serikali, hadi nilipokutana na Kioko, kijana wa Machakos anayejua kutengeneza programu za kompyuta. Tukaanzisha kampuni, tukaiita Mtamba. Kazi yake ni moja tu: ng'ombe wako akiingia joto, unabonyeza simu, na mpandishaji aliye karibu anapata habari na kuja na mbegu. Joto la ng'ombe halingoji mtu. Likikupita unakaa siku ishirini na moja nyingine ukimkatia nyasi bure.

Kioko alitaka tovuti. Mkulima anaandika anwani, inafunguka kwenye simu yoyote, hakuna cha kupakua. Mimi nilitaka apu, kitu kinachokaa kwenye uso wa simu na picha ya kichwa cha ng'ombe. Tulibishana wiki sita, hadi mama mwenye nyumba akadhani tumeoana.

Kisha, mwezi wa Februari, Mzee Wambugu, mwenyekiti wa sosaiti moja ya ushirika wa maziwa huko upande wa Kiriaini, akanipigia simu. "Leteni zote mbili," akasema, "wanachama wajichagulie."

Nami nikampigia Kioko. "Mwenyekiti amekataa tovuti. Anasema wanataka apu, basi."

Kioko akasema sawa. Miezi mitatu ya kazi yake akaiweka kando kwa neno langu.

Mbona nilifanya hivyo? Tovuti ilikuwa ya Kioko mwanzo hadi mwisho. Apu ndiyo niliyoichora mimi: rangi zake, vitufe vyake, hadi ile pembe iliyopinda ya ng'ombe. Niliogopa kwamba wakichagua tovuti, mtu atauliza, na huyu Gacheri kazi yake ni gani?

Haya. Sasa nikwambie Ijumaa ilivyokwenda.

Tulifika kituo cha maziwa saa tatu asubuhi. Maziwa yalikuwa yameshapimwa, gari limeondoka, na wanachama kama arobaini walikuwa wamebaki wakisuuza mitungi yao kwenye bomba. Mzee Wambugu, mwalimu mstaafu, alikuwa amepanga viti vya plastiki safu nne.

"Leo hakuna hotuba," akasema. "Mama Murugi, simama. Waambie hawa vijana mambo ya ng'ombe yako."

Mama Murugi akasimama, kitambaa kichwani, gambuti miguuni.

"Karembo alianza kulia jana jioni," akasema. "Asubuhi amekataa chakula, anapanda ndama yangu. Miezi miwili sasa joto linanipita. Mara daktari yuko mbali, mara simu yake haishikwi. Leo likinipita tena, mimi nitalia mbele yenu."

"Umesikia," mwenyekiti akanigeukia. "Huo ndio mtihani. Theuri apate habari kwa hiyo kitu yenu, afike kwa Mama Murugi kabla ya saa sita. Akifika, wanachama watainua mikono na sosaiti yote itakuwa kwa Mtamba. Watu mia tisa. Asipofika, mtarudi Nyeri na amani."

Theuri ndiye mpandishaji wa sosaiti. Alikuwa pale kando na pikipiki yake, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mipira.

Mzee mmoja mwembamba, jina lake Ngatia, akainua mkono. "Mimi nauliza. Si Theuri yuko hapa? Si Mama Murugi amwambie tu kwa mdomo?"

Watu wakacheka.

"Mtihani ni mtihani, Ngatia," mwenyekiti akasema. "Theuri, nenda ukae huko barabarani. Usiende popote mpaka simu ikwambie, na ufuate njia itakayokuonyesha."

Theuri akapiga pikipiki teke, akaenda. Mimi nikajitokeza mbele, sauti ya sayba imenirudia.

"Kila mtu atoe simu! Tunapakua Mtamba!"

Woi. Kama ningejua.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa safu ya mbele. "Inasema ati imejaa."

"Futa kitu kidogo, mama. Futa hizi video."

"Hizo ni za mazishi ya mama yangu."

"Basi hizi zingine."

"Hizo ni za kwaya. Tuko mashindano mwezi ujao. Nikifuta, sauti ya tatu nitaitoa wapi?"

Nikapita kwake. Wa pili simu yake ilikuwa kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Wa tatu mtandao ulikuwa ukizunguka, ukizunguka, ukizunguka. Nyuma yangu nikasikia Kioko akivuta pumzi. Hakusema neno, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Afadhali angesema.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia.

"Sijakutazama."

Lakini baada ya saa nzima, jasho likinitiririka, nilikuwa nimeweka apu kwenye simu ishirini na sita. Na kuingia ndani kulikuwa rahisi, kwa sababu yangu. Kioko alikuwa ametaka kila mtu aingie kwa nambari yake ya simu. Mimi nikakataa. Nikasema watumie akaunti ya barua pepe iliyo tayari kwenye simu: bonyeza mara moja, umeingia. Nilijipongeza sana kwa hilo.

Wakabonyeza. Wakaandika nyumbani ni wapi, wakaandika majina ya ng'ombe. Mzee Ngatia ndiye aliyemaliza mwisho, kwa kidole kimoja, akisoma kila herufi kwa sauti.

"Mama Murugi," nikaita, "sasa bonyeza pale pameandikwa Ng'ombe yuko joto."

Akabonyeza. Kule barabarani tukasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka kwa fujo. Watu wakapiga makofi! Mwenyekiti akatazama saa yake: saa nne na robo. Kwa Mama Murugi ni mwendo wa dakika ishirini.

Nikamgeukia Kioko nikitabasamu hadi masikioni. Yeye alikuwa ameinamia kompyuta yake.

"Gacheri, njoo."

"Nini?"

"Njoo tu."

Nikaenda. Akaninong'oneza, "Tuko na mkulima mmoja."

"Mmoja nini? Nimesajili ishirini na sita kwa mikono yangu!"

"Mmoja. Anaitwa Wangechi. Ako na ng'ombe arobaini na moja."

Nilidhani anatania. Nikaangalia mwenyewe. Wangechi. Karembo wa Wangechi, Baraka wa Wangechi, Nyange wa Wangechi, ng'ombe wote wa kituo kile ni wa Wangechi.

"Wangechi ni nani hapa?" nikauliza kwa sauti.

Wakatazamana. Mama Murugi akasema, "Si ni yule msichana wa duka la simu hapo juu? Huyo ndiye aliniuzia hii simu."

"Hata mimi," akasema wa nyuma yake.

"Hata mimi. Ni msichana mzuri sana. Simu ilikuwa inataka imeili, mimi sina, akaniwekea yake."

"Hata mimi aliniwekea."

"Anawekea kila mtu!"

Nikashika kichwa. Kila simu iliyonunuliwa katika duka lile ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe moja, ya Wangechi. Apu yangu iliona Wangechi mmoja akiingia mara ishirini na sita. Kila aliyeandika kwake ni wapi alikuwa akifuta nyumbani kwa aliyemtangulia.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Mimi nilijua. Miaka mitano pale sayba nilikuwa nikifanya hivyo hivyo! Mzee anakuja hana barua pepe, foleni ni ndefu, unamwekea yako, anaenda zake akishukuru. Kuna wazee Nyeri nzima hadi leo wanasomewa ujumbe wao na mimi. Na ni mimi niliyekaa Majengo nikachora kitufe cha akaunti, nikasema Kioko hajui watu wa kwetu.

"Ngoja," Kioko akasema polepole. "Kama nyumbani kunafutwa na anayefuata, Theuri ametumwa kwa nani?"

Tukageuka sote wawili tukamtazama mzee Ngatia, yule aliyemaliza mwisho.

"Mnaniangalia nini?" akauliza.

"Mzee, kwako ni wapi?"

"Ng'ambo ya mto, ule mgongo mwingine. Kwa nini?"

"Theuri anakuja kwako."

"Kwangu? Ng'ombe yangu iko na mimba ya miezi saba!" Akasimama. "Na mbwa nimeacha wazi!"

Nikampigia Theuri. Nambari unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Haipatikani. Kule bondeni, mwenyekiti akanieleza kwa upole ulionichoma, mtandao huwa haushiki mpaka utoke upande wa pili.

Hapo ndipo alipotokea msichana mwenye aproni ya duka, akipanda ngazi za kituo mbio, simu mkononi.

"Ni nani ananiletea ng'ombe?" akapaza sauti. "Imeili yangu imejaa! Karibu Mtamba, Wangechi. Karibu Mtamba, Wangechi. Mara ishirini na sita! Sasa ati ng'ombe wangu yuko joto. Mimi naishi nyumba ya kupanga, sina hata kuku!"

Kituo kizima kikaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Wazee walifuta machozi. Ni watu watatu tu ambao hawakucheka: mimi, Kioko, na Mama Murugi, ambaye alikuwa ameketi akitazama mlango.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Mama Murugi akaondoka kwa miguu kwenda kwake, gambuti zikigonga lami, wala hakuaga mtu.

Simu yangu ililia saa saba kasorobo.

"Theuri hapa," sauti ikasema, mtu anahema. "Nani amenituma kwa Ngatia? Mbwa wamenirarua suruali! Sasa ndio nimefika kwa Mama Murugi baada ya kuulizia njiani."

"Na Karembo?"

"Nimechelewa. Nimemwangalia, joto limeisha. Angoje siku ishirini na moja." Akashusha sauti. "Mama anataka kuongea na wewe."

Sikutaka. Lakini nilikuwa nimeweka simu kwa sauti ya juu, na wanachama wote walikuwa wakisikiliza.

"Gacheri." Hakuwa akipiga kelele, na heri angepiga. "Sasa ni miezi mitatu. Ndama ningekuwa nimeanza kumhesabu. Mimi ningetembea mpaka pale barabarani nimwambie Theuri kwa mdomo. Niliketi kwa kiti kwa sababu wewe uliniambia nibonyeze."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini usiniletee hiyo kitu tena kwa simu yangu."

Akakata. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Wambugu akavua miwani, akaisafisha kwa shati, akaivaa. Alikuwa mwalimu wa darasa la nane miaka thelathini na nilijua anachukua muda wake ili asiniumize.

"Kwa kweli mimi sikasiriki," akasema. "Kitu kipya hukosea. Ila hii ndiyo sababu nilisema tangu mwanzo mlete zote mbili."

Kioko akainua kichwa kutoka kwa kompyuta. "Zote mbili zipi, mzee?"

"Apu na ile ingine. Tovuti. Nilimwambia Gacheri kwa simu, leteni zote, watu wachague wenyewe. Hapa kwetu hatuchaguliwi, tunainua mikono. Akaniambia wewe umekataa. Ati ulisema tovuti ni kitu ya kizamani, huwezi kuileta mbele ya watu."

Ndiyo, msomaji. Hilo sikukwambia wiki jana. Nilidanganya pande zote mbili.

Kioko alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa matusi hata. Lakini uso wake haukubadilika.

"Nilikataa?" akauliza.

"Kioko, nitakueleza. Tutoke nje kidogo."

"Eleza hapa."

"Si hapa mbele ya..."

"Kwa nini si hapa? Hawa ndio uliowaambia nimekataa."

Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Hata Wangechi alikuwa ameketi. Nilikuwa na hasira, nikwambie ukweli, na si hasira ya kujilaumu peke yake. Nilikuwa na hasira na yeye kwa kuniweka pale, hasira na mwenyekiti kwa kumbukumbu yake nzuri, hasira hata na yule mama wa kwaya. Mtu aliyekosa hupenda sana kukasirikia wengine.

Kioko akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, nikikuomba dakika kumi, utanipa?"

"Za kufanya nini? Umetupa hiyo kazi, si ndivyo?"

"Niliiweka kando. Sikuitupa."

Akatembea hadi kwa mzee Ngatia, akaomba simu yake. Kioo chake kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe. Kioko akaandika anwani, akamrudishia.

"Weka jina lako na nambari yako ya simu, mzee. Yako mwenyewe."

Ngatia akaandika kwa kidole kimoja. Mara simu ikatoa mlio.

"Inaniita jina langu," Ngatia akasema kwa mshangao. "Inasema, Habari Ngatia."

"Si Wangechi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ngatia! Njoo uone!"

Wakamzunguka. Yule mama wa kwaya akajaribu, ikafunguka, wala hakufuta video hata moja. Katika dakika kumi watu thelathini walikuwa wameingia, kila mmoja kwa jina lake, na wale wa kabambe Kioko akawaonyesha jirani anavyoweza kuwaandikia. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya bomba la maji na hakuna aliyeniuliza kitu.

"Lakini hii imejaribiwa?" mwenyekiti akauliza. "Leo tumeshaungua mara moja."

"Imejaribiwa, mzee. Inafanya kazi huko Kangari tangu Machi. Kuna wafugaji mia moja na kumi na mbili."

Sikuamini masikio yangu.

"Kangari?" nikasema. "Kangari gani? Zile Jumamosi zote ulikuwa ukiniambia unaenda kanisani na dada yako Mbula?"

"Kanisani nilienda. Baada ya ibada tulikuwa tukisajili ng'ombe."

"Ulinificha! Tangu Machi! Kampuni ni yetu wawili, Kioko!"

"Ulisema Mzee Wambugu amekataa," akajibu. "Hukusema Kangari wamekataa."

Hebu niambie, wewe ungesema nini?

Mzee Wambugu akapiga makofi mawili ya darasani. "Tusipoteze siku. Wanaotaka hii ya Kioko, mikono juu."

Mikono ikapanda. Sikuhesabu, hakukuwa na haja ya kuhesabu. Hata Wangechi aliinua wake, na yeye si mwanachama.

Katibu wa sosaiti, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, akafungua kitabu chake cheusi. "Imepita. Sasa naandika mkataba ni na nani? Kampuni ya Mtamba, ya Kioko na Gacheri? Ama ni ya Kioko peke yake?"

Ile ilikuwa miaka yangu miwili. Ndiyo kazi iliyonifanya niache sayba. Nilimtazama Kioko, na kwa macho nikamwomba kila nilichoweza kumwomba. Ingetosha aseme neno moja tu, yetu, nami ningeomba msamaha maisha yangu yote.

Alifunga kompyuta yake. Akaiweka kwenye begi, akafunga zipu hadi mwisho.

"Muulize Gacheri," akamwambia katibu. "Yeye ndiye husema kwa watu mimi nimekubali nini na nimekataa nini. Aseme leo nikiwa hapa nasikia."

Vichwa arobaini vikanigeukia. Kalamu ya katibu ilikuwa juu ya karatasi, inangoja.

Nikasogea mbele.

"Sema kwa sauti, dada," Wangechi akaita kutoka nyuma, "huku hatusikii." Nami nilikuwa bado sijasema neno.